"Hapa wanaimba tu": nimeitazama tena Sarafina!, safari hii nikiwa na binti yangu

Binti Kihonda (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie kesho akitulia.

Mara ya kwanza kuiona Sarafina!, ile filamu ya Afrika Kusini, nilikuwa darasa la tano, hapa hapa Morogoro, kwenye kibanda cha video nyuma ya soko. Kiingilio shilingi hamsini, mabenchi ya mbao, turubai juu, runinga imefungiwa ndani ya kisanduku cha chuma. Pembeni alikaa kaka mmoja na maiki, ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Alikuwa hodari kwelikweli. Polisi akiongea anatoa sauti nene, mwalimu akiongea analainisha. Lakini kila wimbo ulipoanza alipunguza sauti ya runinga akasema, "Hapa wanaimba tu." Kisha ananyamaza, anakunywa maji, anapita kukusanya viingilio vya waliochelewa. Wimbo ukizidi urefu anabonyeza kitufe, kanda inakimbia, watu wanacheza kama wanaofukuzwa na nyuki, nasi tunacheka mpaka bunduki zirudi.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini Sarafina! niliyoijua ni ya bunduki. Ukiniuliza ningekusimulia mabomu ya petroli, magari ya jeshi, mwalimu kukamatwa. Nyimbo ningekutajia ule wa mwisho peke yake, kwa sababu shule nzima tuliucheza kwenye mahafali.

Sasa tarehe 16 Juni iliyopita, Siku ya Mtoto wa Afrika, vijana wa mtaani kwetu walikodi projekta, wakafunga shuka jeupe kwenye ukuta wa darasa moja la shule ya msingi, na spika ile kubwa ya harusini. Nikaenda na binti yangu wa miaka 13. Hakukuwa na mtafsiri, na hakukuwa na mtu wa kubonyeza kitufe.

Nianze na lile gwaride la asubuhi shuleni. Wanafunzi wamepanga mistari na sare zao, wanasali Baba Yetu kwa kuimba. Mwanzoni ni sala kama aliyoisali kila mmoja wetu, mikono imetulia, macho chini. Halafu sauti za chini zinaingia, miguu inaanza kuitikia, na kabla hujajua ni saa ngapi imegeuka, ile sala ina kishindo. Hakuna aliyetoa hotuba, hakuna aliyetaja serikali. Lakini ukiwa umekaa pale gizani unajua kabisa kwamba hawa watoto hawatakaa kimya. Kibandani kipande hiki ndicho kilichokuwa cha kwanza kukimbizwa.

Binti yangu alitazama mpaka watoto walipoanza kupigwa risasi na wenzao kuimba, akaninong'oneza, "Mama, wanaimbaje na wenzao wamekufa?"

Sikumjibu pale. Nimekaa na lile swali wiki nzima, ndiyo maana nimefungua uzi.

Kwa mdogo ambaye hajaiona: ni filamu ya 1992, imeongozwa na Darrell Roodt, kutoka kwenye mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema uliofunguliwa mwaka 1987 pale Market Theatre, Johannesburg, kisha ukahamia Broadway, New York, ukaoneshwa mara 597. Mpiga tarumbeta Hugh Masekela alishiriki kwenye nyimbo. Leleti Khumalo ndiye Sarafina jukwaani na ndiye Sarafina kwenye filamu, binti wa Soweto anayeongea na picha ya Mandela iliyobandikwa ukutani kama wengine tunavyoongea na marehemu bibi. Whoopi Goldberg ni mwalimu wa historia, anawafundisha yale yasiyo kwenye muhtasari wa serikali. Kisa kimejengwa juu ya maasi ya wanafunzi wa Soweto ya tarehe 16 Juni 1976, walipoandamana kupinga kufundishwa masomo kama hisabati kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu. Siku hiyo ndipo alipouawa mwanafunzi Hector Pieterson, na mpiga picha Sam Nzima akapiga ile picha yake akiwa amebebwa, ambayo dunia nzima imeiona.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kwenye filamu hii nyimbo si mapumziko ya kisa. Kisa kiko ndani ya nyimbo, na aliyezikimbiza ameona nusu. Mwanafunzi mmoja akisimama akasema jambo, polisi wanamjua, wanambeba. Wakiimba mia mbili, jambo lile lile limesemwa na hakuna wa kunyooshewa kidole. Na lugha yenyewe. Wanagomea lugha ya kulazimishwa, halafu wanafungua vinywa wanaimba kwa lugha ya mama zao. Mimi Kizulu sikijui, lakini nimekaa pale nikisikia "abantu", nikisikia "lala", nikisikia umati unaitikia "awethu", na sikio langu la Kiswahili linasema hii naijua, hii ni "yetu". Nililipata hilo ukubwani, tena kwa spika ya harusi.

Jambo la pili ndilo lililonishtua zaidi: pale nyimbo zinaponyamaza. Sarafina anakamatwa, anaingizwa chumba cha mahojiano, na hakuna anayeimba. Ukiwa umeshazoea kwamba kila baada ya muda muziki utakuja kukushika mkono, unausubiri. Hauji. Binti yangu alinishika mkono kucha zikaingia kwenye ngozi. Kibandani, ambako nyimbo zote zilikuwa zimekimbizwa, kile kipande kilikuwa kipande cha mateso kama cha filamu nyingine yoyote. Huwezi kuusikia ukimya kama hujaisikia ngoma iliyotangulia.

La tatu ni la kwangu mwenyewe, mniwie radhi.

Mama yake Sarafina anafanya kazi za ndani kwa familia ya wazungu. Sarafina anamwonea hasira mama yake, kwamba anainama, kwamba hapigani. Baadaye, baada ya kutoka mahabusu na yote aliyoyaona, anamwendea, na safari hii anamwona. Anaona kwamba kulea watoto kwa mgongo ule nako ni kupigana.

Mama yangu alikuwa akipiga deki nyumba za watu. Nikiwa sekondari niliwahi kupita na wenzangu mbele ya nyumba moja, mama yuko barazani amepiga magoti na tambara mkononi, nikatazama upande wa pili wa barabara. Aliniona. Nilijua ameniona kwa sababu tambara lilisimama. Jioni alinipakulia chakula kama siku zote, na hajawahi kulitaja.

Aliyecheza mama yake Sarafina ni Miriam Makeba, yule mwimbaji wa Afrika Kusini. Makeba aliondoka kwao mwaka 1959. Mwaka uliofuata mama yake akafariki, akataka kurudi kuzika, akakuta pasipoti yake imefutwa. Hakukanyaga tena nyumbani mpaka 1990. Miaka miwili baadaye anasimama mbele ya kamera, mwanamke aliyenyimwa kumzika mama yake, anacheza mama. Nilipomwona anavyomtazama yule binti, nililia mbele za watu na sikuona haya.

Nakaribisha maoni. Wengine mliionaje?

Msamvu Stendi

Dada, umenirudisha mbali. "Hapa wanaimba tu" nimeisikia kwa masikio yangu, na pengine tulikaa benchi moja. Na picha za Kihindi ilikuwa hivyo hivyo: wimbo ukianza ndio muda wa kutoka kununua karanga. Tulizoea wimbo hauna habari ndani yake.

Kilichonichanganya mimi utotoni ni mwalimu. Kibandani tulikuwa na sheria moja, stelingi hafi. Tukashika kwamba Whoopi ndiye stelingi, maana ndiye tuliyemjua sura. Anakamatwa, tunasubiri atoroke, halafu inakuja habari kwamba amefia mikononi mwa polisi. Tulitaka kurudishiwa hamsini zetu. Leo nikikaa nikafikiri, naona stelingi alikuwepo muda wote na tulikuwa tunamtazama. Ni kwamba alikuwa mtoto wa kike mwenye sare ya shule.

Jiwe la Pembeni

Mleta mada umeandika vizuri, ila mimi nitakupinga.

Filamu za kuimba siziwezi. Watu wanatoka barabarani, ghafla thelathini wote wanajua hatua zile zile, mikono inapanda pamoja, inashuka pamoja. Maisha hayako hivyo. Na inapokuwa ni msiba wa kweli uliotokea kwa watoto wa kweli, naona ni kama kuupaka poda. Swali la binti yako ni zito kuliko majibu yako. Kuna kile kipande Sarafina anajiona ni nyota wa muziki, magauni na taa. Hiyo ni Soweto au ni Hollywood? Na kwa nini mwalimu awe Mmarekani, wakati Afrika Kusini wana waigizaji wa hali ya juu? John Kani yumo humo humo kwenye filamu, wamempa umkuu wa shule.

La mwisho. Wanafunzi wanamchoma moto askari mweusi. Tuseme nini hapo? Hao nao ni mashujaa?

Binti Kihonda (mleta mada)

Jiwe, nashukuru umepinga kwa hoja. Nijibu kadiri nilivyoelewa.

Kipande cha unyota nakuachia. Aliyesimamia uchezaji pamoja na Ngema ni Michael Peters, yule yule aliyebuni uchezaji wa Thriller ya Michael Jackson, na pale mkono wake unaonekana sana. Naelewa kwamba ni ndoto ya mtoto wa miaka ile, lakini ndoto ile inang'aa kuliko chumba anachoiotea. Kwa Whoopi pia nakuelewa, lafudhi yake inateleza. Ila mtazame darasani anapouliza swali kisha akasubiri. Anajua kuwasubiri watoto, na walimu wengi kwenye filamu hawajui.

Kwa hatua za pamoja sikubaliani nawe. Sisi wenyewe kwenye harusi wimbo ukipigwa, shangazi kumi waliotoka mikoa kumi wanaingia hatua moja bila mazoezi. Kule kwao waliandamana kwa toyi-toyi, magoti juu, mwitikio mmoja, mbele ya magari ya polisi na nyuma ya majeneza. Hakuna mwongoza filamu aliyewafundisha. Ngema aliwakuta wanacheza, akaandika.

Kwa askari. Jina lake kwenye filamu ni Sabela. Mtu aliyemcheza Sabela ni Mbongeni Ngema mwenyewe. Mtu aliyewatungia wale watoto nyimbo ndiye aliyejipa nafasi ya yule wanayemchoma. Angeweza kujipa nafasi ya mzee mwenye busara, nani angemkatalia? Akachukua ile. Na filamu haituruhusu kushangilia, maana Sarafina anabaki na ile siku, inamfuata. Nilimtazama binti yangu wakati ule, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Sikumwambia ni mashujaa na sikumwambia ni wauaji. Nilimwambia wana umri wa kaka yako.

Wa Nakuru

Nawasalimu kutoka Nakuru. Huku nasi wimbo wa mwisho wa Sarafina! tuliuimba shule ya msingi, mwalimu wa muziki akatufundisha sauti nne. Hakuna aliyetuambia unatoka kwenye filamu gani. Niliiona filamu yenyewe nikiwa chuo na nikashtuka kwamba wimbo niliouimba nikiwa na soksi nyeupe mbele ya wazazi ulikuwa umepitia jela na makaburi kabla ya kunifikia.

Kuhusu Makeba nataka kuongeza. Sisi wa pande hizi tulimjua kabla ya filamu, kwa Malaika, aliyoiimba kwenye ile santuri yake na Harry Belafonte ya mwaka 1965. Aliibeba lugha yetu duniani wakati yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuingia kwao. Mama yangu alipomwona kwenye Sarafina! na vazi la mtumishi wa ndani alikasirika, akasema, "Huyu ni malkia, wamemvalisha nini?" Baada ya dakika kumi alikuwa kimya kabisa.

Mwalimu wa Jiografia

Naomba kuuliza jambo la vitendo. Nina darasa la sita, miaka 11 na 12. Nilitaka kuwaonesha Juni ijayo badala ya maigizo yale yale ya kila mwaka. Kipande cha mahojiano na cha kuchomwa mtu vinanipa wasiwasi. Nikivikata, je, sitakuwa nafanya kazi ya yule kaka wa kibandani kwa upande wa pili?

Binti Kihonda (mleta mada)

Mwalimu, mimi nisingewaonesha darasa la sita yote. Ningewaonesha gwaride la asubuhi, vipindi vya darasani na mwalimu wao, na pale Sarafina anapomrudia mama yake, na ningewaambia wazi kuna sehemu nimeziacha na nitawaonesha wakikua. Yule kaka kosa lake halikuwa kukimbiza kanda. Ni ile "tu". Alitufanya tuamini kwamba palipokimbizwa hapana kitu.

Mtoto wa Mazimbu

Nimesoma uzi wote nikiwa kazini, nimeshindwa kunyamaza.

Dada Kihonda, wewe ni wa Morogoro, kwa hiyo unaijua Mazimbu kama kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mimi nimezaliwa pembeni yake. Baba yangu alikuwa fundi seremala pale wakati wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini. Serikali yetu iliwapa lile shamba la zamani la mkonge mwaka 1977, na waliokuja kusoma wengi wa mwanzo walikuwa ndio hao hao watoto wa 1976. Waliovuka mipaka baada ya risasi. Shule wakaiita Solomon Mahlangu, kijana wao aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Hostel, karakana, hospitali, shamba la mifugo, vyote walivijenga wao na mafundi wetu. Mwaka 1992, mwaka huo huo wa filamu yenu, wakaikabidhi kwa serikali yetu wakarudi kwao.

Sasa swali la binti yako.

Sisi watoto wa kijijini jioni tulikuwa tunasimama ukingoni mwa barabara kuwasikiliza. Waliimba wakichimba misingi, waliimba wakitoka bwaloni, waliimba siku za mikutano. Maneno hatuyajui. Na nakuambia kweli, wimbo wa furaha na wimbo wa msiba tulikuwa hatuwezi kuutofautisha. Sauti zile zile, kishindo kile kile, magoti juu. Tulikuwa tunajua ni msiba pale tu tunapoliona jeneza. Siku moja nilimuuliza baba kwa nini hawalii kama sisi. Alikuwa anapiga randa mbao za jeneza lenyewe. Akasema, "Wanalia. Sikiliza sauti ya chini." Nikasikiliza. Wanaume wa nyuma walikuwa wanaimba wimbo ule ule, lakini sauti zao zilikuwa zinakatika katikati ya neno, na wa mbele wanaziokota, wanaendelea nazo mpaka wa nyuma wapate pumzi.

Makaburi yao yapo mpaka leo, Mazimbu. Mengi ni ya vijana. Hawakurudi kuiona hiyo 1994 ya uhuru wao.

Jiwe la Pembeni

Mtoto wa Mazimbu, nimekusoma mara mbili. Kipande cha unyota bado sikitaki. Ila nitaitafuta filamu niitazame upya, nisikilize sauti ya chini.

Msamvu Stendi

Mkuu wa Mazimbu, mzee bado yupo?

Mtoto wa Mazimbu

Hayupo, alitangulia miaka kadhaa sasa. Randa yake ninayo.

Binti Kihonda (mleta mada)

Mtoto wa Mazimbu, pole kwa mzee, na asante. Nimekaa Morogoro maisha yangu yote, nimepita lango lile kwa daladala mara ngapi, na sijawahi kushuka kwenda makaburini.

Jana usiku nilimsomea binti yangu uliyoyaandika. Mama yangu alikuwa jikoni akichambua mchele, nikadhani hasikii. Nilipofika pale pa sauti kukatika na wenzao kuziokota, akaacha ungo akaja kukaa mlangoni. Akasema enzi hizo alikuwa akifua nguo kwenye nyumba za wageni upande wa mjini, na baadhi ya wale mabinti wa Afrika Kusini walikuwa wakija kukaa naye kwenye karo, wanamsaidia kusuuza, wanamfundisha wimbo. Mimi mwanawe sikuwahi kulisikia hilo. Sikuwahi kumuuliza chochote kuhusu kazi zile.

Binti yangu akamwambia, "Bibi, tuimbie." Alikataa mwanzoni, akasema maneno yamemtoka. Kisha akaanza kwa kuguna, bila maneno, huku vidole vikipiga ukingo wa ungo. Mstari mmoja tu ndio aliokumbuka, na neno la mwisho lilikuwa "awethu".

Ndugu yangu, kama una nafasi Jumamosi, tungependa utupeleke makaburini. Tuko watatu. Mama anaomba tuwahi, saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali, na ameuliza kama inaruhusiwa kwenda na maua kutoka nyumbani.

Mtoto wa Mazimbu

Inaruhusiwa, dada. Nitakuwa getini saa moja. Mwambie mama avae viatu vya kufunika, nyasi asubuhi zina umande.

Wa Nakuru

Mkienda, mtupigie picha.